Fundi wa Teraso, Tulia

Nyumba nyingi za mawe hapa Tulia, na kwingine Kitui, zina kaunta ya jikoni ya zege iliyopigwa niru. Niru inapendeza ikiwa mpya. Miaka ikienda hupata nyufa nyembamba, mafuta yakaingia humo, na kando ya sinki simiti ikalika hadi mchanga ukaonekana. Hapo ndipo wengi huwaza kubomoa na kuagiza granaiti kutoka Nairobi. Fundi niliyemtazama akifanya kazi hakubomoa.

"Usivunje, mwaitu," alimwambia mwenye nyumba. "Zege ni zima. Ni ngozi tu iliyochoka."

Alianza kwa kusikiliza. Aligonga kaunta nzima kwa mpini wa nyundo, polepole, toka ukutani hadi ukingoni. Kila palipotoa sauti ya mvungu alizungushia alama ya mkaa, kisha akapachimbua. Sehemu iliyobaki aliichokoa kwa patasi mpaka ikakwaruza kiganja, maana teraso, ule uso mpya wa simiti na vipande vya marumaru, haishiki juu ya kitu laini. Akaosha vumbi, akaosha tena.

Mchanga nao aliupima. Aliuteka mkononi, akaufikicha, akaumwaga, akatazama kiganja: kikibaki na tope, mchanga huo lazima uoshwe. Mchanga wetu hutoka kwenye mito ya msimu kama Tiva, na ni huohuo unaotunza maji chini yake kiangazi kikikaza. Jirani zetu wa Makueni waliutungia sheria mwaka 2015 ili usizolewe ovyo. Kaunta isiyobomolewa haidai lori jipya la mchanga, na kwangu hilo si jambo dogo.

Alisawazisha palipochimbika, akapaka uji wa simiti kwa brashi, na kabla haujakauka akamwaga mchanganyiko wa simiti nyeupe na vipande vya marumaru, unene wa sentimita moja na nusu hivi. Alikandamiza kwa mwiko, akaongeza vipande palipoonekana peupe, akakandamiza tena. Pimamaji haikumtoka mkononi. Upande wa ukutani aliuinua milimita chache tu, kiasi ambacho jicho halioni.

Kisha ikaja sehemu ngumu kuliko zote, ambayo mwenye nyumba huiona kama uvivu: kungoja. Simiti hupata nguvu kwa kuungana na maji. Jua la Kitui likiyanyonya mapema, uso hupasuka na kumomonyoka. Kwa hiyo kaunta ilifunikwa magunia, na magunia yakaloweshwa asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku saba. Mahali ambapo maji huletwa na punda, mtungi kwa mtungi, kumwagia zege ni kutoa kitu cha thamani. Fundi aliyajua hayo, ndiyo maana alimwagia kwa kikombe, taratibu, gunia likinywa bila tone kufika sakafuni.

Kusaga kulifuata: jiwe la namba 60 kwanza, kisha 120, kisha 220, hadi 400. Vishimo vilivyofunguka alivijaza simiti, akangoja, akasaga upya. Muda wote alisaga kwa maji. Wapo mafundi wanaosaga pakavu ili wawahi, wakavuta vumbi la silika linaloharibu mapafu yasipone tena. Ugonjwa huo ndio uliofanya Australia ipige marufuku kaunta za mawe ya kutengenezwa kiwandani kuanzia Julai 2024, baada ya vijana waliokuwa wakizikata kuugua.

Alipomaliza hakusema kitu. Alimwaga maji kidogo karibu na ukuta. Yakakusanyika, yakasogea, yakapita katikati ya madoa meupe na ya kijivu, yakaingia kwenye sinki yenyewe. Mwenye nyumba akamwaga tena, kwa mkono wake.

Ukiita fundi wa namna hii, mlipe na siku za kungoja, wala usimharakishe kwa sababu wageni wanakuja Jumapili. Teka maji kabla hajafika. Kazi ikikamilika, mwache apake dawa ya kuziba vitundu, na limau ulikatie kwenye kibao, kwa sababu tindikali yake hula marumaru na simiti pia.