Tusiulaumu mtandao, tuyahakiki maswali yetu

NIMEFUNZA Kiswahili vyuoni kwa zaidi ya miaka 30, na nilidhani ninazijua mbinu zote za wanafunzi za kunakili. Muhula uliopita nikapata jipya. Nilikuwa nikisahihisha insha za kozi ya isimujamii, swali likiwa: “Fafanua dhana ya lugha ya mitaani.” Insha kadhaa zilifuata mpangilio ule ule na kutoa mifano ile ile. Sarufi ilikuwa safi kabisa. Hata hivyo, hakuna iliyotaja neno moja linalosikika Ruiru au Thika, wanakoishi wanafunzi hao.

Nilijiandaa kuwakaripia. Kisha nikalisoma swali langu upya. Nyani haoni kundule! Hilo ni swali ambalo nimekuwa nikilitunga kwa miaka mingi, na jibu lake limo katika kila kitabu cha isimujamii. Nikimwomba mwanafunzi anirudishie yaliyomo kitabuni, kwa nini nishangae akiituma mashine imchukulie?

Tatizo hili halikuletwa na akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania. Tukumbuke Machi 2020, serikali ilipoamuru shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya Covid-19. Wahadhiri tulihamia mtandaoni ghafla. Tulifanya nini huko? Wengi wetu tulipakia maandishi yale yale ya mihadhara, kisha tukasoma kwa saa mbili mbele ya kamera. Mwanafunzi aliyekuwa kijijini aliniandikia, “Prof, bando imeisha.” Nilidhani ni kisingizio. Leo naona kwamba ndiye aliyekuwa akilipia uvivu wangu wa kutofupisha somo.

Sasa hakuna kurudi nyuma. Ukisafiri kutoka Thika hadi Ruiru unapita vyuo vikuu kadhaa: Mount Kenya mjini Thika, JKUAT pale Juja, na Zetech huko Ruiru. Mwaka 2023 nchi yetu ilizindua Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho hufundisha kupitia mtandao. Kwa hivyo, hoja si iwapo tutumie teknolojia. Kasoro ninayoiona ni kwamba tunaipima kwa idadi ya tarakilishi na kasi ya intaneti, lakini hatupimi kazi tunazowapa wanafunzi wazifanye kwa vifaa hivyo.

Muhula huu nimebadilisha swali. Wanafunzi waligawanyika katika makundi ya watu wanne, simu moja ikitosha kundi zima. Walienda kwenye steji za matatu, wakaomba idhini, wakarekodi makanga wakiita abiria kwa dakika chache tu. Waliandika walichosikia katika faili moja ya pamoja mtandaoni, kila mmoja akiwasahihisha wenzake. Muda wa darasani ukabaki wa mjadala.

Kundi moja lilikuwa limenasa mwito wa “Ruiru mbao! Mbao!” Liliuingiza katika programu ya kutafsiri, nayo ikadai kuwa makanga alikuwa akiuza mbao za kujengea. Darasa liliangua kicheko, maana kila mmoja anajua kuwa mbao hapo ni shilingi 20. Lakini baada ya kicheko lilikuja swali zito: tulijuaje? Tulizungumza kuhusu muktadha, msemaji na msikilizaji, mada ambazo huwa zinawasinzisha wanafunzi nikizieleza ubaoni. Safari hii wao ndio waliozifafanua.

Sidai kwamba nimepata tiba. Kazi ya aina hii huchosha kusahihisha, na darasa la wanafunzi 200 haliwezi kuendeshwa kama la 30. Vyuo vinavyotangaza masomo ya mtandaoni bila kupunguza mzigo wa wahadhiri vinajidanganya. Hata hivyo, kuna jaribio dogo ambalo kila mwalimu anaweza kulifanya leo: kabla ya kuwapa wanafunzi swali, aiulize mashine kwanza. Ikilijibu vyema bila kutoka nje ya chumba, basi swali hilo ndilo lenye kasoro, wala si mwanafunzi.