Sifa ya Msasa na Spana

Peugeot 404 ni gari linalomlipa anayelitengeneza mwenyewe. Lilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na huku kwetu likajijengea jina katika vumbi na matope ya Safari Rally. Nick Nowicki alishinda nalo mwaka 1963 na 1968. Katikati hapo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akashinda nalo 1966 na 1967. Fungua boneti uone kwa nini mafundi wazee bado wanalisifu.

Kila silinda yake ni slivu inayochomolewa, imezungukwa na maji. Injini ikichoka, unaweka slivu na pistoni mpya, bloku haiendi kuchongwa. Lakini ina masharti. Ukishavua silinda hedi, usithubutu kuzungusha kranki kabla hujazibana slivu kwa boliti na washa. Pistoni itainyanyua slivu, sili ya chini itaachia, na maji yatapenya hadi oili ifanane na chai ya maziwa. Asiyelijua hili atailaumu gasketi, ataibadilisha, kisha ataibadilisha tena.

Kazi ya bodi ndiyo niipendayo zaidi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Watu husifu rangi. Mimi nausifu msasa. Kutu ikatwe mpaka ufikie bati zima, isifukiwe kwa pati, hasa Mombasa au Dar es Salaam ambako hewa yenyewe ina chumvi. Praima ikikauka, puliza juu yake rangi nyeusi kidogo tu, kama vumbi, halafu piga msasa wa maji uliozungushwa kwenye kibao, namba 400 kisha 600. Weusi utafutika penye mwinuko na kubaki penye bonde. Bonde ambalo jicho lilikuwa limelipita sasa liko wazi. Funga macho, pitisha kiganja taratibu kutoka bati zima hadi penye pati. Kiganja hakidanganywi na mng'ao.

Siku ya kupuliza, acha umande uishe kwanza. Unyevu ukinaswa wakati thina inaruka, rangi ya selulosi hupauka na kuwa nyeupenyeupe. Zile za kisasa zinazochanganywa na hadena zina isosianeti, sumu inayoharibu mapafu, na kitambaa puani si kinga kabisa.

Nani atakulipa saa nzima ya kulainisha upande wa ndani wa mlango? Hakuna. Gereji yenye foleni haiwezi kuitoa saa hiyo, na siilaumu. Mwenye gari anaweza, ndiyo maana kazi yake, akijifunza vizuri, huipita ya kulipiwa.

Kama kwa babu kuna 404 moja limelala uani, msikubali likatwe kuwa chuma chakavu. Anzeni na breki: mipira ya silinda za magurudumu, mabomba, oili mpya. Rangi itafuata.