Nikon Z6III Mkononi: Watani Wangu wa Canon na Sony, Njooni Tuongee

Aisee, tuanze na jicho! Simama Soko la Feri, Dar, saa saba mchana, jua likiwa limekolea juu ya maji na mabati, halafu iweke Nikon Z6III usoni. Ndani ya kile kijidirisha cha kuchungulia unaona kila kitu kwa mpigo: magamba ya changu yanavyometa, jasho kwenye paji la uso wa mchuuzi, giza lililojificha chini ya mwavuli wake. Hukunji uso, wala huzibi mwanga kwa kiganja. Nikon wanasema mwangaza wake unafika niti 4,000 na nukta zake ni milioni 5.76. Nilipozisoma tarakimu hizo zilinipita tu. Pale Feri hazikunipita.

Wale waliobaki na kamera za kioo, yaani DSLR, wametwambia kwa miaka kwamba kuchungulia kwa skrini ni kutazama televisheni, si kutazama dunia. Mwaka 2018, Nikon walipotoa Z6 ya kwanza, hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Leo sioni pa kuisimamisha.

Kamera yenyewe ilitangazwa Juni 17, 2024, kwa bei ya takriban dola 2,500 huko Marekani, bila lenzi. Kwa pesa yetu ilikuwa zaidi ya shilingi milioni sita, na bado hujagusa ushuru wala gharama ya mzigo. Hiyo si pesa ya kujaribia bahati. Ndiyo maana mabishano ya wapiga picha kuhusu chapa yanakuwa makali kiasi kile: mtu anatetea akiba yake ya miaka, anatetea riziki.

Sasa ingia ndani ya kamera, maana moyo wake ndio unaonifanya nishindwe kukaa kimya. Kihisi chake cha megapikseli 24.5 ndicho cha kwanza cha fulu fremu kuundwa kwa namna waliyoiita ya kupangwa tabaka kwa sehemu: saketi za kasi zimepangwa juu na chini ya eneo linalopokea mwanga, ili data itoke upesi. Fikiria daladala yenye mlango mmoja, abiria wanashuka kwa foleni huku konda anapiga kelele. Halafu fikiria basi la mwendokasi, milango mipana inafunguka na umati unamwagika kituoni kwa pumzi moja. Abiria ni walewale, kilichobadilika ni milango. Nikon wanasema kihisi hiki kinasomwa kwa kasi mara 3.5 kuliko kile cha Z6II, na kasi hiyo ndiyo inayobadilisha kila kitu kingine.

Inabadilisha nini? Ukumbi wa harusi, kwa mfano. Kila anayepiga harusi Dar anazijua taa za LED za kumbi zetu: zambarau, bluu, nyekundu, zinabadilika kila mara mpambaji anapotaka. Ukitumia shata ya kimya kwenye kamera yenye kihisi cha polepole, picha inatoka na mistari, michirizi ya giza na mwanga juu ya gauni la bibi harusi. Ukitumia shata ya kawaida, mlio wake unasikika wakati sheikh anafungisha ndoa na kila mtu amenyamaza. Kwa Z6III nilipiga kimya, na michirizi ilipungua mno. Pale ilipochungulia, kamera ina mpangilio wa kurekebisha kasi ya shata kwa hatua ndogondogo hadi mistari inafifia. Siyo kinga kamili, kwa sababu kihisi kilichopangwa tabaka zima, kama cha Nikon Z8, bado kina kasi zaidi. Lakini Z8 ilizinduliwa kwa takriban dola 4,000. Kwa mpiga harusi tofauti hiyo ya bei ni lenzi nzuri, tena inabaki chenji.

Na fokasi! Hapa naomba watani wangu wanyamaze kidogo. Tuliokuwa na Nikon tumetaniwa vya kutosha. Z6 ya 2018 ilikuja na tundu moja tu la memori kadi na fokasi iliyopotea mtu akigeuka, na watu wa Sony hawakutusamehe. Z6II ya 2020 ikaongeza tundu la pili, fokasi ikapanda kidogo, utani ukaendelea. Z6III ina prosesa ya EXPEED 7, ileile iliyo kwenye Z8 na Z9, na imefundishwa kutambua watu, wanyama, magari, pikipiki, baiskeli, treni, ndege wa manyoya na ndege za chuma. Nikiwa na lenzi ya 50mm f/1.8 S nilimfuata bwana harusi mweusi wa kung'aa, mwenye kofia iliyomwagia uso kivuli, kwenye kona ambayo taa za ukumbi hazikufika. Kiboksi kiliganda jichoni mwake. Akageuka, kikamsubiri upande wa pili. Akapita nyuma ya mpambe, kikamdaka alipotokea. Nikon wanadai kamera inafokasi hadi EV -10 kwa lenzi inayofunguka sana, yaani giza ambalo jicho lako lenyewe linapapasa, na baada ya kona ile sina sababu ya kubishana nao.

Hilo ni jambo kubwa kwetu. Nyuso nyeusi gizani ndizo zilizoziumbua kamera nyingi, kwa sababu mfumo ulikuwa unatafuta utofauti wa mwanga ambao haupo. Anayepiga watu wetu usiku asome majaribio ya fokasi gizani kabla ya kusoma kitu kingine chochote.

Halafu kuna kunguru. Dar tumejaliwa kunguru wa Kihindi hadi tumechoka nao, lakini hakuna mwalimu wa picha za ndege kama kunguru: yuko karibu, mjanja, anaruka bila taarifa. Nilifunga lenzi ya 180-600mm, nikawasha ule mpangilio wa kuhifadhi picha kabla hujabonyeza. Kamera inazungusha picha kwenye kumbukumbu yake, na ukibonyeza inakupa hata sekunde nzima iliyotangulia. Kunguru akaruka na kipande cha samaki. Nikabonyeza nimechelewa, kama anavyochelewa kila binadamu. Picha ipo! Mabawa yamefunguka, miguu ndiyo kwanza inaachia ukingo wa ngalawa. Picha 60 kwa sekunde kwa fremu nzima, au 120 ukikubali kukatwa kwa fremu. Anayefuata chui Serengeti au mpira wa ndondo uwanja wa vumbi ataelewa kwa nini nilipiga kelele peke yangu.

Mtani wa Canon atanikatisha hapa, na ana haki. Picha hizo za kabla ya kubonyeza zinatoka kwa JPEG tu, si RAW. EOS R6 Mark II, iliyotoka 2022, ina mpangilio wa kurudi nyuma nusu sekunde na kukupa RAW, picha 30 kwa sekunde. Ukitaka RAW mfululizo kwenye Z6III unapata 20 kwa sekunde kwa shata ya kielektroniki, au 14 kwa shata ya kawaida, lakini bila ile sekunde ya nyuma. Nikon wangeweza kuifungua RAW kwenye sekunde hiyo, na natamani waifungue.

Tubaki kwenye mabishano, kwa sababu ndiyo yanayonipa raha. Mtu wa Canon atakwambia rangi: ngozi zetu zinatoka zimeiva, hazina ukijani. Mtu wa Sony atakwambia lenzi: Sigma na Tamron wamemwagika kwa upande wake kwa miaka, huku Canon wakiwa wamewafungia wengine mlango wao wa lenzi wa RF hadi Aprili 2024, na wakaufungua kwa lenzi za vihisi vidogo tu. Mtu wa Nikon atakwambia historia: mlango wa lenzi wa F ulianza 1959 na ukadumu, wakati Canon mwaka 1987 waliuacha mlango wa FD na kuwaambia wateja wao waanze upya na EF. Kisha itatajwa video, na hapo ugomvi unawaka: D90 ya Nikon, Agosti 2008, ndiyo kamera ya kwanza ya aina ya DSLR kurekodi video, 5D Mark II ya Canon ikaja mwezi uliofuata na video ya HD kamili kwenye fulu fremu, ikachukua mji. Nani mshindi? Nikon walitangulia, Canon wakavuna. Nimelisema hilo mbele ya wazee wa pande zote mbili na wote walikasirika.

Lakini kuna jambo moja ambalo kila mbishi anapaswa kulijua: vihisi vya Nikon nyingi zilizopendwa vimetengenezwa na Sony. D800 ya 2012, ile ya megapikseli 36 iliyowafanya watu wa Canon wakose usingizi, ilibeba kihisi cha Sony. Kwa hiyo unapoapa kwamba Nikon ina mwanga ambao Sony hawana, angalia unaapia nini. Nikon wanaongeza mambo ya kwao, namna ya kuchakata, rangi, lenzi, mshiko wa mwili, na hayo ndiyo yanayostahili kubishaniwa.

Kuhusu rangi, Z6III imenifurahisha kwa namna ambayo sikuitarajia. Unaweza kutengeneza rangi zako mwenyewe kwenye programu yao ya bure, NX Studio, ukazipakia kwenye kamera. Nilitengeneza moja ya ngozi za rangi ya kahawa, yenye wekundu uliotulizwa chini ya taa za njano. JPEG zinatoka tayari kwa kumtumia mteja usiku uleule, na mteja wa leo hasubiri wiki. Hoja ya rangi za Canon bado ina uzito kwa anayetaka kufungua boksi na kuanza kazi. Kwa anayekubali kukaa jioni moja na kompyuta, haina uzito tena.

Sasa lile ambalo limewasha moto kuliko yote: giza ndani ya picha. Kasi ya kihisi hiki ina gharama. Ukipiga kwa ISO 100, kisha ukaja kuinua vivuli kwa nguvu kwenye kompyuta, chembechembe zinajitokeza zaidi kuliko kwenye Z6II ya zamani. Vipimo vilivyotoka vinaonyesha pungufu la karibu stopu moja. Ni kweli, nimeliona kwa macho yangu kwenye picha ya machweo ya Coco Beach, ambapo nililinda anga na kuacha miamba ikazama: nilipoivuta juu, ikaja na mchanga usio wa ufukweni. Ukifika ISO 800 na kupanda, tofauti inayeyuka.

Basi jiulize unapiga nini. Mwenye kupiga Kilimanjaro alfajiri kwa stendi, ISO 100, anga angavu na bonde jeusi, asiinunue. Z7II inamfaa zaidi. Mwenye kupiga harusi, mpira, mahubiri, muziki, mtaa, yuko ISO 800 hadi 6400 karibu muda wote, na gharama hiyo haimgusi. Kinachoniudhi ni kumsikia mtu ambaye hajawahi kupiga mlima akilia juu ya vivuli vya ISO 100 kama kaonewa yeye.

Video nitasema kwa kifupi kwa sababu wengine wataisema vizuri kuliko mimi: 6K kwa fremu 60, RAW, ndani ya kamera yenyewe, bila kinasa cha pembeni. Nikon waliinunua kampuni ya kamera za sinema ya RED mwaka 2024, mwaka uleule wa kamera hii, kwa hiyo hawatanii. Wanaotengeneza video za Bongo Fleva waiazime walau kwa kazi moja.

Kasoro nyingine ni za kuudhi. Matundu mawili ya kadi hayafanani: moja ni la CFexpress aina ya B, ghali, na jingine la SD. Ukirekodi kwenye zote mbili kwa usalama, SD inaburuza kasi chini. Betri inaliwa haraka ukiacha kijidirisha kimewaka kwa nguvu zote. Na wenye lenzi za zamani za AF-D wajue kwamba adapta ya FTZ, ile ya kufungia lenzi za F kwenye kamera hizi, haina mota ya kuzisukuma. Watafokasi kwa mkono.

Hukumu yangu ni hii. Mwenye lenzi za Nikon anayepiga vitu vinavyosogea, anunue Z6III bila kuangalia nyuma. Ilipotoka, kwa bei ile Nikon walikuwa hawajawahi kutoa kamera inayoikaribia. Mwenye kabati la lenzi za EF zilizolipiwa na harusi za miaka kumi, abaki Canon, kwa sababu R6 Mark II ni kamera nzuri na kuuza lenzi zote ili uhame ni hasara ambayo fokasi haitairudisha. Wa Sony mwenye A7 IV ana megapikseli 33 na lenzi za kuchagua apendavyo, ila kwa kasi ameachwa. Na anayeanza leo bila lenzi hata moja, asimsikilize shabiki yeyote, nikiwemo mimi, kabla hajaishika. Chukua memori kadi yako, nenda dukani, omba kupiga picha ya muuzaji kwenye kona yenye giza kuliko zote, kwa kila chapa. Rudi nyumbani uzifungue kwenye kompyuta yako, kisha ndiyo utoe pesa.