Karanga za Chuma

Kwenye picha ya hadubini ya elektroni zinaonekana kama maganda ya karanga yaliyomwagwa kwenye ungo: kila moja ina kiuno katikati na ncha mbili zilizovimba, na zote ni za kimo kimoja. Ni hematiti, oksidi ya chuma, nduguye kutu inayokula mabati yetu. Ili zienee upana wa unywele, ungepanga makumi.

Tadao Sugimoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, walizikuza miaka ya mwanzo ya 1990. Kloridi ya chuma hutiwa kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, huku ikikorogwa. Linatokea rojo la kahawia, zito. Chupa inafungwa, inaingizwa kwenye tanuri la nyuzi 100, inaachwa siku 8.

Siku 8! Hapo ndipo ninapomvulia fundi huyu kofia. Kabla yake, Egon Matijević wa Clarkson, Marekani, alikuwa amekwisha kupata chembe zinazolingana kwa kuchemsha chumvi za chuma, lakini kwenye myeyusho mwepesi mno, maana ukikoleza chembe hugandamana. Sugimoto alikoleza, akaliachia rojo kazi mbili. Linazishika chembe zisigusane. Tena ndilo ghala: linayeyuka polepole, linatoa chuma kidogo kidogo, hivyo chembe mpya hazizaliwi ovyo na zilizokwisha kuzaliwa hukua pamoja.

Na kiuno? Bila nyongeza, chembe hutoka karibu na umbo la mchemraba. Tia salfeti kidogo tu: inaambaa ubavuni mwa fuwele, inaizuia kunenepa, nayo inarefuka kuelekea kusiko na kizuizi, kisha inatanuka nchani. Hakuna aliyechonga. Kuna aliyejua pa kuzuia, na mimi sijaona ustadi wa mkono unaouzidi huo.

Wakitaka ndogo zaidi, hadi za nanomita, hupanda mbegu za hematiti mapema: chuma ni kile kile, wagawanaji wameongezeka.

Siku ya 8 chupa inatoka tanurini. Rojo limekwisha, chini umetuama unga mwekundu. Unasuuzwa, unazungushwa kwa mashine, unasuuzwa tena, na tone moja tu hukaushwa kwa ajili ya hadubini.