Rimoti Isiyo na cha Kuamuru: Uhakiki wa Ufufuaji wa Runinga za Kale

Wakusanyaji wa runinga za kale, hasa wa Marekani na Uingereza, wana kanuni wanayoishika kama sheria: runinga ikifufuliwa, irudi ilivyotoka kiwandani. Kapasita zilizokauka zibadilishwe, lakini mkono wa fundi usionekane. Mbao zing'arishwe upya, vitufe viwe vya asili, na kama ilikuja na rimoti, basi iwe rimoti ileile. Makala haya yanaihakiki kanuni hiyo kutoka Majanji, wilayani Busia nchini Uganda, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, ambako ng'ambo ya ghuba ni Sio Port ya Kenya. Hoja yangu ni kwamba kanuni hii inahifadhi historia ya kiwanda lakini inafuta historia ya mtazamaji. Tukiiiga jinsi ilivyo, tutakuwa tunatunza kumbukumbu za watu wengine huku zetu zikiuzwa kama vyuma chakavu.

Tuanze na kile kinachosifiwa, kwa sababu kinastahili sifa. Kampuni ya Zenith ya Chicago ilitoa rimoti yake ya kwanza mwaka 1950. Iliitwa Lazy Bones, na iliunganishwa na runinga kwa waya uliotambaa sakafuni na kuwakwaza watu. Mwaka 1955 Eugene Polley alibuni Flash-Matic, kurunzi iliyomulika vihisi vinne kwenye pembe za kioo. Tatizo lake lilikuwa jua: mwanga ukiingia dirishani, stesheni ingeweza kubadilika yenyewe. Mwaka 1956 ikaja Space Command, iliyotokana na kazi ya Robert Adler. Ndani yake mlikuwa na fimbo nne za alumini. Ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo iligonga fimbo, nayo ikatoa mlio wa juu mno usiosikika kwa sikio la binadamu. Maikrofoni iliyokuwa kwenye runinga iliusikia mlio huo, na mota ikazungusha kitufe cha stesheni.

Uzuri wa kazi hii umo katika urahisi wake. Rimoti haikuhitaji betri, kwa hiyo haikuwa na kitu cha kuisha. Fimbo ya alumini haizeeki upesi, na ndiyo maana zile zilizotunzwa bado hugongeka na kutoa mlio. Ilinganishe na rimoti za mwanga usioonekana zilizotufikia baadaye. Hizo vitufe vyake vya mpira huchakaa, betri hulowa na kutu huingia kwenye springi. Mkusanyaji anayeipenda Space Command ana sababu. Lakini urahisi huo ulikuwa wa upande mmoja tu. Runinga yenyewe iliongezewa vali sita ili iweze kuusikia mlio, na bei yake ikapanda kwa takriban asilimia 30. Mtu alilipa karibu theluthi zaidi ili asiinuke kitini.

Sasa tukihamishe chombo hicho Majanji. Mwaka 1956 Uganda haikuwa na kituo hata kimoja cha runinga. Matangazo yalianza Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, na kwa miaka mingi kila nchi ilikuwa na kituo kimoja cha serikali. Kenya ilisubiri hadi 1990, KTN ilipoanza, ndipo ikapata kituo cha pili. Katika hali hiyo, rimoti ya kubadilisha stesheni ingebadilisha nini? Mpakani, pale mawimbi ya nchi zote mbili yalipofika, kubadilisha stesheni kulimaanisha kuigeuza antena kutoka nchi moja hadi nyingine. Kazi hiyo ilikuwa na watu wawili. Mmoja alisimama nje ameushika mti wa antena, mwingine aliketi ndani akipaza sauti: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, acha!" Kwa kawaida aliyesimama nje alikuwa mtoto, na aliyekaa ndani alikuwa mzee. Wengi wetu tumecheka tukisema kwamba rimoti ya kwanza ya Kiafrika ilikuwa mtoto. Utani huo una ukweli wa kihistoria: amri ilisafiri kwa sauti, kama ile ya Adler, ila hii ilisikika kwa majirani wote. Na majirani walipoisikia walijua kwamba picha imepatikana, wakaja.

Ndiyo maana runinga ya huku haisomeki bila alama zake. Kasha la mbao lenye milango na kufuli linatuambia kwamba mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na mamlaka, na mamlaka hayo yalikaa kwenye ufunguo. Runinga ndogo ya Great Wall isiyo na rangi, iliyounganishwa na betri ya gari, inatuambia umeme ulikuwa haujafika. Rimoti iliyofungwa nailoni na kukazwa kwa mpira wa baiskeli inatuambia kwamba kifaa kilitarajiwa kudumu kuliko alivyokusudia aliyekitengeneza. Ndani ya runinga nako kuna lehemu juu ya lehemu, na kapasita iliyotolewa kwenye redio. Kwa kanuni ya kiwanda, haya yote ni uchafu wa kuondolewa. Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, ni sawa na kumwondoa fanani kwenye utendaji halafu kudai umeihifadhi ngano.

Ninajua pingamizi litakalotolewa. Viraka vya mafundi vinaweza kuwa hatari, kwani pikcha tyubu hubeba umeme wa maelfu ya volti na unaweza kubaki humo hata baada ya kuzimwa. Tena runinga isiyowaka haimfundishi mtu mengi. Ni kweli. Fundi anayefufua lazima aondoe kinachoweza kuua. Lakini kuondoa hatari si kufuta alama. Kipande kilichotolewa kinaweza kupigwa picha, kuandikiwa maelezo na kuwekwa kwenye bahasha ndani ya kasha lilelile.

Kuna jambo la pili ambalo kanuni hiyo hailijibu. Tarehe 17 Juni 2015 ilikuwa ukomo uliowekwa kimataifa, nasi tukiwemo, wa kuachana na matangazo ya analojia. Tangu mabadiliko hayo, runinga ya kale huonyesha picha kupitia king'amuzi, na kwa kawaida hubaki kwenye stesheni moja ambayo king'amuzi kinaitumia. Basi hata ukiifufua Space Command ikagonga kama siku ya kwanza, amri yake kuu haina cha kuamuru. Ukibonyeza, utaipoteza picha. Kilichorudishwa ni mlio tu. Mazingira yaliyoupa mlio huo maana hayarudishwi kwa kung'arisha mbao. Yanarudishwa kwa simulizi, na wasimulizi wapo, ila wanazeeka.

Hapa ndipo penye dharura. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha zilizookolewa kutoka hifadhi ya UBC, za wakati wa Idi Amin, baada ya makumi ya maelfu ya negativu kukutwa na kuanza kunakiliwa kidijitali. Ile ilikuwa kazi kubwa, nayo ilihusu upande wa waliopiga na kurusha picha. Upande wa waliozipokea umo kwenye runinga zinazovunjwa leo ili shaba itolewe, huku kioo chenye risasi kikitupwa. Aidha, sheria ya Uganda ya mwaka 2009 ilipiga marufuku kuingiza runinga zilizotumika. Lengo lake lilieleweka, lakini inatukumbusha kwamba za kale tulizonazo ndizo hizi tu.

Kwa hiyo, anayetaka kukusanya runinga za kale mpakani na aanze na fundi kabla ya kuanza na kifaa. Amuulize nani aliileta, ilikufa mara ngapi, nini kilibadilishwa na kilitoka wapi, na antena ilielekea nchi gani. Aandike majibu kwa Kiswahili, Kisamia au Kijaluo, kama yalivyosemwa. Kisha aiweke runinga pamoja na mti wa antena, betri, na rimoti ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Na kama atabahatika kupata Space Command, aiweke kando yake, ili mtazamaji alinganishe njia mbili za kutuma amri: moja iliyomwezesha mtu mmoja asiinuke, na nyingine iliyowainua watu wengi.