Kiambaza cha Nuru

Fundi alikilaza kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, akachovya kikatio chake kwenye kifuniko chenye mafuta ya taa, akaegemeza rula ya mbao na kuvuta mara moja tu. Mlio ulikuwa mwembamba, kama wa hariri inayochanwa. Kwenye kioo ulibaki mstari hafifu kama unywele. Nilidhani atarudia.

"Ukirudia umekiharibu," akasema bila kuinua macho.

Akakisogeza mpaka mstari ukalingana na ukingo wa meza, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, kikaachana. Siku hiyo nilifahamu kwamba kioo hakikatwi. Hutiwa jeraha dogo, kisha hubembelezwa kilifuate.

Tulikuwa nyumbani kwa mama yangu, Tanga, katika nyumba ya matofali ya saruji ambayo katikati yake palihitaji taa hata saa sita mchana. Jiko lilikuwa nyuma ya ukuta. Mama akipika alikuwa hajui nani kaingia sebuleni, nani kalala kochini, mjukuu gani anapanda meza. Sisi watoto tulitaka ukuta ule uondoke wote, jinsi nyumba nyingi zinavyojengwa siku hizi. Yeye hakutaka. Alimwambia fundi sentensi moja: "Nataka niwaone, lakini wasinihesabie masufuria."

Nimesoma maelezo mengi ya wasanifu majengo kuhusu kugawa nyumba, na hakuna yaliyoigusa kazi hii kwa karibu kama maneno hayo. Anayegawa chumba anaamua kipite nini na kibaki nini. Nuru, upepo, sauti, harufu na jicho la mtu ni wasafiri watano tofauti, na kila kigawanyio kina wasafiri wake kinaowaruhusu. Ukuta wa tofali huwafukuza wote. Pazia huzuia jicho, likapitisha kikohozi na harufu ya kitunguu. Tofali za maua, zile zenye matundu, hupitisha upepo na kulivunjavunja jicho. Kioo hupitisha nuru na jicho, kikamzuilia samaki wa kukaanga huko huko alikotoka. Mtu akifika dukani na kuuliza bei ya kioo kabla hajajiuliza anataka kipite nini, amelianza jambo mkiani.

Wenyeji wa pwani waliijua hesabu hii kabla kioo hakijawa kitu cha kununuliwa mtaani. Katika nyumba za mawe za Lamu, boriti za mikoko hazikuweza kuvuka nafasi pana, kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, vikipangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwandani, yaani uani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kati ya misana palikuwa na uwazi mpana usio na mlango, ukitundikwa pazia, na sakafu ikipanda kidogo kila unapoingia zaidi. Mgeni alijua mpaka wake kwa mguu wake mwenyewe. Nuru nayo ilipungua hatua kwa hatua, ikatua kwenye zidaka za chokaa zilizochongwa ukutani, ambamo vyombo vya kauri vilipokea kilichobaki. Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19, vioo vya rangi viliingia kwenye mapambo ya majengo ya watu wenye uwezo. Jengo la zahanati ya kale kwenye barabara ya Mizingani, lililoanzwa na mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, bado linavyo, pamoja na roshani zake za mbao zilizonakshiwa.

Lakini nyumba iliyonifundisha zaidi kuhusu kioo iko mbali na bahari yetu. Iko Paris, mtaa wa Saint-Guillaume, namba 31. Wafaransa huiita Maison de Verre, Nyumba ya Kioo. Ilijengwa kati ya 1928 na 1932 kwa ajili ya Jean Dalsace, daktari wa wanawake, na mkewe Annie. Aliyeibuni ni Pierre Chareau, mtu aliyejulikana zaidi kwa samani, akisaidiana na msanifu Mholanzi Bernard Bijvoet na fundi chuma Louis Dalbet. Walikusudia kubomoa jengo la zamani lote. Bibi mmoja mpangaji wa ghorofa ya juu akakataa kuhama. Basi wakaishikilia ghorofa yake kwa nguzo za chuma, wakaondoa kila kilichokuwa chini, wakaingiza nyumba mpya chini ya miguu yake.

Nyumba iliyobanwa hivyo hupata giza. Chareau akaujaza karibu uso wote wa nyumba kwa matofali ya kioo ya mraba, kila moja kama sentimita 20 kwa 20. Tofali hilo hupitisha nuru kwa wingi, lakini nyuma yake mtu huonekana kama kivuli tu. Fikiria haja ya nyumba ile: chini ni chumba cha daktari, wanawake wanakuja na mambo yao ya siri, juu ni familia, na jioni wageni. Ndani, ngazi ya kupanda kwenye makazi ilifichwa na vigawanyio vya chuma chenye matundu na kioo vinavyozunguka. Mchana vilifungwa, mgonjwa akapita njia yake; jioni vilifunguliwa, rafiki wa familia akapanda. Ngazi ile ile ilikuwa na adabu mbili. Hapo mimi huona ustaarabu mkubwa kuliko katika majumba yenye kuta za kioo kitupu, ambayo aliye ndani huonekana na mpita njia hata kabla hajapigiwa hodi.

Kuna jambo jingine Chareau alilishughulikia, nalo lugha yetu imelihifadhi katika neno moja. Kile cha dirishani tunakiita kioo, na kile cha kujitazamia tunakiita kioo. Mgeni anayejifunza Kiswahili hulalamika kwamba hilo linachanganya. Aliyekaa na kioo usiku hashangai. Mchana, aliye ndani huona nje. Jua likizama na taa ikawashwa, kioo kile kile humrudishia uso wake, na walio gizani ndio wanaomwona yeye. Paris walifunga taa kubwa upande wa nje, zikimulika matofali usiku, ili nuru iendelee kuingia kutoka kule ilikotoka mchana.

Kwetu pwani yapo pia mambo ya jua. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi Tanga au Dar es Salaam ni tanuri: joto huingia na halipati pa kutokea, kisha mwenye nyumba hulipia umeme wa kulitoa. Ndiyo maana nakipenda kioo zaidi katikati ya nyumba, kati ya chumba na chumba, ambako jua la moja kwa moja halikifikii na kazi yake ni kugawana nuru iliyokwisha kuingia. Juu yake acha nafasi ya upepo.

Narudi kwa fundi wetu. Kabla yake alikuja mwingine, akakibana kioo ndani ya fremu ya mbao kikaenea tiki, bila mwanya. Mvua zilipokuja mbao zikavimba, na asubuhi moja tukakuta ufa kutoka pembe hadi pembe. Huyu wa pili aliacha milimita chache kila upande, akakikalisha juu ya vipande vya mpira, kwa kuwa kioo hakipaswi kugusana na kitu kigumu popote. Kwa mlango wa kusukuma wa pembeni alidai kioo kilichokomazwa. Hicho hupashwa moto zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa ya baridi ghafla. Nje huganda kwanza, ndani hupoa baadaye na kuuvuta uso wake, na mvutano huo uliofungiwa humo ndio nguvu yake. Kikivunjika huwa chembe badala ya majambia. Ila kikishatoka tanurini hakikatwi tena wala kutobolewa. Kwa hiyo fundi alipima ule mlango juu, kati na chini, akaandika, akanywa chai, akapima upya.

Na masufuria ya mama? Fundi alimkalisha mama kwenye kochi akapima urefu wa macho yake, akamsimamisha jikoni akapima tena. Kisha akajenga mbao za mninga hadi mita 1 na sentimita 20, na juu yake akaweka kioo cheupe. Aliyekaa sebuleni huona kichwa cha mpishi na dari. Mpishi aliyesimama huona sebule yote hadi mlangoni. Mlango wa pembeni ukapata kioo chenye mistari, ambamo mtu anayepita hugeuka rangi inayotembea.

Alipomaliza alibandika utepe wa karatasi kwa umbo la msalaba katikati ya mlango, watoto wasiuvamie, akafuta alama za vidole vyake, akaaga.

Usiku ule tulikaa sebuleni na taa ndogo moja. Jikoni taa ilikuwa kali. Mama alisogea kwenye kioo kututazama, akajiona mwenyewe, akacheka. Akanyoosha mkono kuzima taa ya jiko, akabaki amesimama gizani, mwiko mkononi, anatuangalia.