Majina ya Mimea katika Kamusi: Mfano wa Mwarobaini

Kamusi za Kiswahili zimeyashughulikia majina ya mimea kwa njia mbili, na kila moja ina upungufu wake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na ile ya Sacleux iliyoanza kutolewa mwaka huohuo, ziliipa miti mingi jina la kisayansi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyokusudiwa wasomaji wa Kiswahili wenyewe, mahali pengi iliridhika kueleza kuwa neno ni aina ya mti. Njia ya kwanza humpa msomaji Kilatini bila maana. Ya pili haimpi mti wala maana.

Uzito wa jambo hili waonekana katika neno mwarobaini. Jina hili latokana na arobaini, kwa imani kwamba mti huo hutibu maradhi arobaini. Katika pwani ya Kenya huitwa pia mkilifi, na wanasayansi huuita Azadirachta indica. Lakini unao ndugu yake, Melia azedarach, ambao nchini Kenya umepewa jina la mwarobaini nusu. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya huyu wa pili yana rangi ya zambarau; jani la kwanza limegawanyika mara moja, la pili mara mbili. Tena matunda ya Melia azedarach yana sumu inayoweza kumdhuru mtu.

Yafaa neno hilo nusu litazamwe kwa makini. Waliolitumia walitambua kuwa miti hii yafanana, na papo hapo wakakataa kuifanya mmoja. Jina la maneno mawili, la kwanza likitaja ukoo na la pili likitofautisha, ndio utaratibu uleule aliouimarisha Linnaeus mwaka 1753. Haifai basi kusemwa kuwa majina ya wenyeji hayana mpango.

Wala Kilatini hakikuepuka utata. Linnaeus mwenyewe aliiweka miti hii miwili katika jenasi moja ya Melia. Mfaransa Adrien de Jussieu ndiye aliyeitenga mwaka 1830. Hata leo, azadirachta na azedarach ni maneno yaliyochipuka katika shina moja la Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru au mti bora. Nguvu ya jina la kisayansi, basi, haimo katika maana yake, bali katika makubaliano: limefungwa kwenye kielelezo kilichohifadhiwa, ambacho mtaalamu wa nchi yoyote aweza kukirejea. Nguvu ya jina la wenyeji imo katika ujuzi linaoubeba: tiba, mfanano, mahali.

Kwa hiyo moja haliwezi kushika nafasi ya jingine. Kamusi iliyo kamili haina budi kutoa jina, majina mengine pamoja na mahali yanakotumika, jina la kisayansi, umbo la mmea, na faida au hatari yake. Hayo yote hayazidi mistari mitatu. Yakikosekana, mtu anayetafuta dawa aweza kuambiwa na kamusi kwamba mwarobaini ni mti na mwarobaini nusu ni mti, kisha akaachwa achume mwenyewe.